Tulipiga kelele mlango ulipokwisha kufunguliwa

Kwenye ploti yetu watu walijuana kwa nambari za milango. Mimi nilikuwa Mama Junior wa nambari sita, fundi wa cherehani. Ukitaka kujua nani amelipa kodi na nani anamkwepa keateka, yaani msimamizi wa ploti, uliniuliza mimi, maana nilishinda mlangoni na mashine yangu tangu asubuhi hadi giza. Nalisema hili mapema ili usije ukanihurumia. Kati yangu na yule mtoto wa nambari saba palikuwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba.

Ilikuwa Nakuru, mwaka wa 2018, kabla mji haujapewa hadhi ya jiji. Mtaa sitautaja, na nambari za milango nimezibadilisha. Kwa nini, utaelewa mbele.

Mume wa nambari saba alikuwa akiuza vipuri vya magari. Mke tulikuwa naye kwenye chama, hakuwahi kuchelewesha mchango hata mara moja. Jumapili walitoka wamependeza, Biblia mkononi. Mwezi wa Januari wakaleta mtoto wa ndugu yake mume kutoka ushago, mvulana wa miaka kama minane, "aje asome". Tukawasifu sote. Siku hizi nani anabeba mzigo wa mtoto wa mwenzake?

Januari ndio mwezi wangu wa kuvuna: sare za shule. Mwaka huo nilishona za watoto wa ploti nzima, kasoro huyo mmoja. Nilipomuuliza yule mama akasema watanunua zilizo tayari mjini. Sawa. Shule zikafunguliwa, Februari ikaingia, na kwenye kamba ya kuanikia sikuona kaptula wala shati la shule. Sikuona hata soksi ya mtoto. Mtu wa kazi yangu husoma kamba ya nguo kama wengine wanavyosoma gazeti. Nilisoma, nikanyamaza.

Mwezi huohuo wa Januari habari za familia ya Turpin zilikuwa zimeenea dunia nzima. Ni kule Perris, California: watoto 13, mkubwa ana miaka 29 na mdogo miwili, wengine wamefungwa minyororo kitandani, mpaka binti wa miaka 17 akatoroka kupitia dirishani na kuwapigia polisi. Tuliizungumza kwa mama mboga huku tukikatiwa sukuma wiki. Kilichotuuma zaidi ni majirani. Wazungu hao wanaishije, mtu hajui jirani yake ana watoto wangapi? Mke wa nambari saba alikuwa amesimama pale pale nasi, kashika nyanya zake za shilingi ishirini, naye akatikisa kichwa na kusema dunia imeharibika.

Waliojua kwanza ni watoto. Junior wangu alikuwa na miaka saba. Niligundua kwamba chapati zinapungua, nikamshika, nikamtisha kidogo, akaniambia anampelekea "rafiki wa chini ya mlango". Mama, alinieleza, chapati ndiyo pekee inayopita. Mandazi hayapiti, wali unamwagika. Walikuwa pia na mchezo wao: Junior anasukuma kizibo cha soda kwenye ule upenyo, kinasubiriwa, halafu kinarudishwa kwa kidole. Nilikwenda nikachungulia kutoka mbali. Nikakiona kidole kikitoka, kikagusa kizibo, kikarudi ndani. Kwenye komeo palikuwa na kufuli, limefungwa kwa nje.

Ushauri wangu wa kwanza nimeulipia ghali. Usiende kumkabili mzazi au mlezi. Mimi nilikwenda. Nilijiona jasiri, mwanamke kwa mwanamke, tusemezane. Yule mama alinikaribisha kwa tabasamu, akaniwekea chai. Mtoto akaitwa, akaja na shati safi la mikono mirefu, tena siku ya jua kali. Nilipomuuliza jina, alimtazama shangaziye kwanza ndipo akajibu. Nilimaliza chai. Wiki hiyohiyo dirisha likapigiliwa katoni kwa ndani, na chini ya mlango pakasokotwa kitambaa. Junior akaja analia: "Mama, wameziba." Basi nilichokuwa nimefanya ni kuwapa taarifa kwamba wanaonekana. Gharama yake aliilipa mtoto.

Nilipowauliza majirani wengine, mzee mmoja akanijibu kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwingine akasema mambo ya nyumba ya mtu hayaingiliwi. Na mimi, ambaye namba ya 116 nilikuwa nimeiona kwenye bango kliniki zaidi ya mara kumi, sikuipiga. Nilijiambia sina ushahidi. Nilijiambia wakinijua itakuwaje kwenye chama. Usiku akilia, nilikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Watu huuliza kwa nini mtoto wa namna hiyo hapigi kelele. Alipiga.

Kwa hiyo sikiliza. 116 ni simu ya kuwasaidia watoto, haitozi hata senti, inapokelewa usiku na mchana, na hulazimiki kutaja jina lako. Huhitaji kuwa na ushahidi, maana kuchunguza si kazi yako. Shaka yenye sababu inatosha. Unaweza pia kwenda kwa afisa wa watoto kwenye ofisi za kaunti ndogo, au kwa chifu, au polisi kwenye dawati la jinsia. Ukifika mahali ukaambiwa hayo ni mambo ya kifamilia mkayamalize nyumbani, usibishane sana, nenda mlango wa pili. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto alindwe dhidi ya kudhulumiwa, kutelekezwa na ukatili wa kila namna. Haikuongeza "isipokuwa akiwa kwa shangaziye".

Kabla ya kupiga, tafuta daftari. Andika tarehe, saa, ulichosikia na ulichoona kwa macho yako, basi. Usiandike unachofikiri. "Jumanne saa tatu usiku, mtoto analia, kufuli liko nje, wenyewe hawapo" ina uzito kuliko kurasa tatu za "huyu mama ni mchawi".

Agosti bomba likapasuka. Maji yakatoka chini ya mlango wa nambari saba, yakalowesha kile kitambaa, yakasambaa hadi kwenye ngazi. Wenyewe hawakuwepo. Keateka akavunja kufuli ili afunge maji.

Sitaeleza mtoto alikuwa katika hali gani. Nitasema kimoja tu: vizibo vya soda vilikuwa vimepangwa kando ya ukuta, mstari mmoja ulionyooka, vyekundu kwanza kisha vya kijani.

Kilichofuata ndicho hasa kimenifanya niandike, kwa sababu nakiona kikirudiwa kila habari kama hii inapotoka, iwe Kisumu, iwe Kakamega, iwe hapa. Ndani ya robo saa ua ulijaa. Watu wa boda boda walitoka stejini, wanawake wakaacha nguo kwenye beseni. Vilio, laana, simu juu. Mwanamume mmoja nisiyemjua alimwinua mtoto fulana ili mgongo uonekane vizuri kwenye video. Akamgeuza. Akamwambia, "Hebu waambie walikufanya nini." Mtoto alikuwa akitafuta kwa macho mahali pa kujificha, na kila alipogeukia palikuwa na simu. Jioni dada yangu aliye Kisumu alinitumia video hiyo kwenye WhatsApp akaniuliza, "Si hii ni ploti yenu?"

Miaka miwili baadaye nyanyake yule mtoto aliniambia kwamba shule mpya aliyopelekwa kuna mtoto alimwonyesha video ile mbele ya darasa. Aliyeirekodi nadhani mpaka leo anaamini alisaidia. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa mtoto haki ya faragha, lakini hata kabla ya sheria hiyo mtu alikuwa na akili ya kujua. Ukipokea video ya namna hiyo, usiisambaze hata kwa kikundi cha maombi. Hasa kikundi cha maombi, maana huko inapewa baraka na kusafiri mbali zaidi.

Wengine walileta huruma ya chakula. Wali wa nazi, soda, maziwa pakiti mbili, ndizi. Nami nilileta chapati, nikiwa na sababu zangu. Mtoto alikula kila alichopewa, kwa kasi ya kutisha, kisha akatapika akalegea. Daktari alitugombeza. Mtoto aliyekaa na njaa muda mrefu mwili wake hauwezi kupokea mlo mzito ghafla, unaweza hata kumuua. Hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Wewe mpe maji kidogo na umpeleke.

Halafu kuna mama mmoja mwema, na ninasema mwema bila kejeli, aliyempeleka bafuni akamwogesha kwa sabuni, akazitupa nguo alizokuwa amevaa na kumvisha za mwanawe. Vijana wakatoa godoro nje, wakalichoma moto pale uani. Ndani kulikuwa na waya, nao haukuonekana tena. Polisi walipofika walikuta mtoto msafi, chumba kimefagiliwa na majivu. Daktari anayejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, anaandika anachokiona, na sisi tulikuwa tumefuta nusu yake. Kama wewe ndiye wa kwanza kufika: mfunike mtoto na leso, mtoe kwenye macho ya watu, funga mlango, weka mtu mmoja aulinde, usiguse kitu. Usimhoji. Mtoto akirudia hadithi kwa watu ishirini itabadilika hapa na pale, na wakili atauliza ni ipi ya kweli. Mwambie tu kwamba hana kosa, na kaa karibu naye.

Mume alirudi saa kumi na moja bila kujua. Sitaki kujifanya sikufurahi alipopigwa kofi la kwanza. La kumi sikuliangalia. Polisi walimtoa mikononi mwa watu akiwa hajitambui, na kuanzia siku hiyo maswali yakawa mawili: nani alimtesa mtoto, na nani nusura amuue mtu. Mke alikuwa ameonywa kwa simu akapotea kwa wiki kadhaa.

Nakumbuka maneno ya siku ile. Shetani. Mnyama. Si binadamu hawa. Hata mimi niliyasema, kwa sauti. Nimekuja kuyashuku baadaye, kwa sababu tukishamwita mtu shetani tunamweka mbali nasi, na kwa miezi minane huyu shetani tulikuwa tunapokezana naye pesa za chama. Hakuwa na pembe. Alikuwa na risiti zote za kodi.

Kati ya watu waliojaa ua ule, walioandikisha taarifa polisi walikuwa watatu: mimi, keateka na mwanafunzi mmoja wa chuo wa nambari mbili. Kesi iliahirishwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara nilifunga mashine, nikapoteza siku ya kazi, nikapanda matatu, nikakaa kwenye benchi, nikaambiwa nirudi. Mwanafunzi alimaliza masomo akahamia kwingine. Ukitaka kweli kumsaidia mtoto kama huyo, hasira yako iweke akiba kwa siku hizo, maana hapo ndipo hapana umati. Jirani mmoja, ambaye siku ya tukio hakusema lolote, alikuwa akinipa nauli kila tarehe ya kesi na kukaa na Junior hadi nirudi. Sijawahi kumsikia akimwita mtu shetani.

Junior sasa ni kijana mrefu, ana sauti nzito. Hatulizungumzi sana. Mwaka uliofuata nilimtuma aniletee chaki yangu ya kukatia nguo, tukaandika 116 ukutani kando ya mita za maji, kwa tarakimu kubwa, mahali ambapo kila mpangaji husimama akisubiri ndoo ijae. Chaki inafutika, kwa hiyo tukawa tunairudia. Juzi landilodi alileta mafundi wakapaka ploti nzima rangi upya. Nilirudi jioni nikiwa na chaki mfukoni. Keateka alikuwa amewasimamia wakazungusha brashi, wakaiacha pale ilipo, katika kisanduku cha rangi ya zamani.