Maswali yenu: Barcelona ni mbali, Kasumbalesa ni hapa

Nasikia wajasiriamali wa simu wana mtandao wa dunia nzima, wanakutana siku ya Jumatatu. Mtu wa Lubumbashi anaingiaje? (Kijana wa Katuba)

Unazungumzia Mobile Monday. Ilianza Helsinki mwaka 2000: watu wa kazi ya simu walikaa pamoja Jumatatu jioni kuonyeshana walichotengeneza, na miji mingine ikaiga. Kampuni ya Nokia kwa Wafini ilikuwa kama Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kwa baba zetu: mshahara na heshima mahali pamoja. Mwaka 2014 biashara yake ya simu ikaishia mikononi mwa Microsoft, na watu wengi wakakosa kazi. Lakini walikuwa wameshajuana, na wapo walioanzisha kampuni ndogo ndogo na wenzao wa zamani. Huku kwetu, Gécamines ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 mwaka 2003, kila mzee alirudi nyumbani na bahasha yake. Fundi hakumtafuta mhasibu, mhasibu hakumtafuta fundi. Baba yangu mdogo alinunua basi dogo, likafa kabla ya mwaka kuisha.

Kuhusu kuingia: hakuna mlango wa kubisha. Tafuta watu sita, kila mmoja awe na kitu kinachofanya kazi kwenye simu, mkae. Na tafadhali msianze kwa kuchagua rais, makamu wa rais na mshauri wa makamu wa rais. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo hapa mjini. Bango lilikuwa zuri kuliko programu.

Nianzeje bila mtaji?

Swali hili ni la tatu mwezi huu, halina mji wala kazi. Unauza nini, kwa nani? Andika upya.

Komisioneri (dalali) mmoja anasema atanipatia viza na nafasi Barcelona kwenye maonyesho makubwa ya simu. Anaomba nusu mbele. (Kampemba)

Usimpe hata franka. Kiingilio peke yake ni mamia ya euro, na ukishaingia ni kumbi na kumbi za makampuni yasiyokutafuta. Pesa hiyo ingekulipia safari nyingi za Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ambako madereva wa malori ya shaba wanalala kwenye foleni wakiwa na simu mkononi na shida ambazo hakuna aliyewauliza. Hao ni wateja. Barcelona wewe ndiye mteja.

Nitengeneze programu ya iPhone kwanza au Android?

Simama nusu saa kwenye kituo cha taksi-basi uhesabu simu za watu. Apple wanataka dola 99 kila mwaka, Google dola 25 mara moja tu. Na kama mteja wako ni mama wa sokoni, fikiria kwanza menyu ya nyota na reli, inayokwenda bila intaneti.

Nimepata mshirika Nairobi kupitia kikundi cha wajasiriamali. Ataleta pesa, anataka asilimia 50. Tumeelewana kwa WhatsApp. Tunalenga kuuzia migodi. (Ndugu wa Golf)

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Makampuni ya migodi yatakuhesabu chini ya sheria ya ukandarasi mdogo ya mwaka 2017, ile sote tunaiita sous-traitance. Inataka mtaji ulio mwingi uwe wa Wakongomani. Ukigawa nusu kwa nusu, umejifungia mlango uliotaka kuingilia. Mpe 49 au pungufu, au mkubaliane mkopo.

Jambo la pili hukuniuliza, lakini nalisema. Sisi tuko OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012; Kenya haimo. Kuingia kwetu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 hakukufanya sheria za kampuni kuwa moja. Andikeni mkataba, mtaje mahakama ya nchi gani itaamua mkigombana, na nani ni mwenye programu yenyewe. Wengi wanasahau hilo la mwisho. Pesa inaweza kurudishwa, lakini msimbo ukishanakiliwa haurudi. WhatsApp ni ya kusalimiana.

Mimi nina kibanda cha pesa ya simu Kamalondo. Hayo mambo ya mitandao ya wajasiriamali yananihusu kweli? (Mama wa watoto wanne)

Mama, yanakuhusu kuliko wote walioandika hapo juu. M-Pesa ilianza Kenya 2007, ikafika kwetu 2012, na huku ikakuta nchi yenye pesa mbili, franka na dola. Wewe ndiye unayejua nini kinatokea mteja akitaka kutoa dola na wewe umebaki na franka tu, au akileta noti yenye mkato wa milimita mbili ambayo hakuna atakayeipokea baada yako. Mtu wa programu wa London hawezi kuota jambo hilo. Wakija vijana na daftari zao za utafiti, waeleze, ila walipie muda wako kama wanavyolipia teksi. Daftari lako lenye namba za wateja lisitoke kibandani. Hata kwa kijana mwenye tai.

Mkutano wa mtandaoni umetangazwa saa nane mchana ya Nairobi. Kwetu ni saa ngapi?

Saa saba. Kinshasa, saa sita. Chaji simu usiku, umeme ukiwepo.