Ukiwa na hofu ya presha, usipime kila saa

Kichwa kinagonga, unaandika dalili kwenye simu, na jibu la kwanza linataja kiharusi. Unafunga mkanda wa mashine: 152/94. Baada ya dakika mbili unarudia: 158/97. Mara nyingi huo si ugonjwa uliozidi ghafla. Hofu imemwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, moyo unakimbia, mishipa imebana. Kila ukirudia unaipima hofu yenyewe.

Pima kwa ratiba: asubuhi kabla ya chakula na dawa, kisha jioni, kwa siku 7. Nusu saa kabla usinywe chai wala kahawa, usivute sigara. Kajisaidie haja ndogo, maana kibofu kikijaa namba hupanda. Kaa dakika 5 umeegemea, nyayo sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, uandike zote, hata zisizokupendeza.

Mkanda ndio unaotisha wengi bure. Ukiwa mdogo kwa mkono mnene, namba hutoka kubwa kuliko ukweli. Kabla ya kununua, zungusha tepu ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Ufunge kwenye ngozi, si juu ya shati.

Namba za siku ya kwanza ziache, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85 au zaidi, mwone daktari. Nenda na daftari na dawa zote unazotumia, pamoja na za maumivu kama diclofenac, kwani zinaweza kupandisha presha. Muulize: tatizo ni nini, dalili gani ikitokea nirudi haraka, na nipime tena lini? Tafadhali usizunguke hospitali tatu ukificha majibu ya mwanzo. Kila moja itaanza upya, na wewe utazidi kuchanganyikiwa.

Mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito, kifua kubana au pumzi kukata: acha simu na mashine, wahi hospitali saa hiyo hiyo. Ukiona 180/120 bila dalili yoyote, tulia dakika chache, rudia. Ikibaki hapo, mwone daktari siku hiyo hiyo.

Na kama vipimo ni vizuri lakini bado hulali kwa woga, mwambie daktari hivyo hivyo. Hofu ya ugonjwa inatibika, kwa ushauri nasaha na wakati mwingine dawa, na una haki ya kutibiwa.