Lori umeliona, shehena je? Kwa wadogo zangu wa chumba cha habari

Wadogo zangu mlioingia mwaka huu, nawapenda, na ndiyo maana nawafokea. Juzi mmoja wenu kaniletea skripti ya askari wa ulinzi aliyestaafu, mtu wetu wa hapa hapa Arua, aliyewahi kwenda Iraq kulinda geti la kambi. Mzee anasema anajua zilikokwenda silaha za maangamizi za Saddam Hussein, zile za sumu na vijidudu ambazo Marekani ilizitaja kama sababu ya kuivamia Iraq: zilivushwa Syria usiku kwa malori, kabla Wamarekani hawajaingia. Sauti safi, kelele za barabarani zimekatwa vizuri, utangulizi unavuta. Nikauliza swali moja tu. Huyu mzee alifika Iraq lini? Kimya. Kijana akatoka nje kupiga simu, akarudi na jibu: 2007. Vita vilianza 20 Machi 2003.

Nilicheka, nisamehewe. Waganda maelfu wamelinda kambi kule, na waliporudi walikuja na pesa za kiwanja na hadithi za kambini. Mzee si mwongo. Anasimulia alichosikia kwa sauti ya mtu aliyeona, na sisi tunalipwa, japo kidogo na kwa kuchelewa, kutofautisha hayo mawili. Kosa hili nimeliona kila msimu wa vita, kwa hiyo kaeni chini. Nimeweka namba kwa sababu mhariri mkuu anapenda namba.

1. Jua umri wa dai kabla hujaliita habari mpya. Hili la Syria lilianza hata kabla ya vita: Ariel Sharon, waziri mkuu wa Israel, alilisema kwenye televisheni Desemba 2002. Oktoba 2003 James Clapper, aliyekuwa akiongoza idara ya Marekani inayochambua picha za setilaiti, akasema msururu wa magari kuelekea Syria ulimfanya aamini kuna vitu vilihamishwa. Mwaka 2006 akaja Georges Sada, jenerali wa zamani wa jeshi la anga la Iraq, na safari hii malori yakageuka ndege: za abiria, viti vimeng'olewa, safari 56. Nani alimwambia? Marubani, anasema. Katika wote hao hakuna aliyeweka mezani hata mtungi mmoja.

Upande wa pili kuna watu waliokwenda kutazama. Wakaguzi wa Umoja wa Mataifa chini ya Hans Blix walirudi Iraq Novemba 2002, wakaondoka Machi 2003 bila kukuta akiba yoyote ya aina iliyodaiwa. Baada ya uvamizi Marekani ikatuma timu yake yenyewe, watu zaidi ya elfu moja. Mkuu wake wa kwanza, David Kay, aliwaambia maseneta Januari 2004 kwamba karibu wote walioamini silaha zipo, yeye akiwemo, walikosea. Aliyemfuata, Charles Duelfer, aliandika kwamba akiba ile iliharibiwa kuanzia 1991. Nyongeza ya ripoti yake ya 2005 inaigusa Syria moja kwa moja: haielekei kwamba serikali ya Saddam ilihamishia silaha hizo huko rasmi, ila timu haikuweza kufuta uwezekano wa vitu vichache kuvuka kinyemela, kwa kuwa hali ya usalama ilikatiza uchunguzi.

Someni sentensi hiyo mpaka nukta. Ukikata kichwa chake unatangaza kwamba wachunguzi wamekubali silaha zilivuka. Ukikata mkia unatangaza kwamba jambo limefungwa. Nimewasikia watangazaji wakubwa wakifanya yote mawili, na mmoja wao alifanya yote mawili katika kipindi kimoja.

2. Usilitupe dai kwa sababu tu limetoka kijiweni. Silaha huvuka mipaka kweli. Katika vita vya Ghuba vya 1991, Iraq ilirusha ndege zake zaidi ya mia moja kwenda Iran, nchi iliyopigana nayo miaka minane, na Iran ikazikalia. Na kwetu? Jeshi la Amin liliposambaratika 1979, ghala la kambi ya Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, lilibaki bila mwenyewe, Wakaramoja wakajichotea bunduki, na serikali zilizofuata zimehangaika miaka na miaka kuzikusanya. Wazee wetu wa huku walivuka kwenda Zaire na Sudan na walichoweza kubeba. Ndiyo maana msikilizaji wa West Nile, eneo letu hili, akiambiwa silaha zilivushwa kabla ya vita hashtuki hata kidogo. Wala ripota hashtuki, na asiyeshtuka haulizi.

3. Lori si shehena. Hapa nitakaa, mnivumilie.

Ilikuwa miezi ya mwisho ya 2008. Mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA yalikuwa yamekwama, kiongozi wao Kony anasubiriwa Ri-Kwangba, mpakani mwa Sudan na Kongo, atie saini naye hatokei, na kila mtu mpakani ananusa vita. Operesheni ya kuwapiga waasi hao huko Garamba, Kongo, ilianza kweli 14 Desemba, lakini haya yalitangulia. Nilikuwa ripota wa redio moja ya huku, jina tuliache. Mama mmoja anayeuza chai stendi akanipigia: malori matatu, turubai mpaka chini, yamepita usiku kuelekea mpakani, na moja halina taa. Nikampigia kijana wa boda boda, akasema ndiyo, matatu. Nikampigia karani wa mizigo, akasema ndiyo, na wanasema ni silaha za waasi zinahamishwa kabla kivumbi hakijaanza. Vyanzo vitatu! Nilijiona mwanahabari wa kimataifa. Lile neno lake la "wanasema" nililiacha kwenye daftari, nikaingia studio saa moja jioni.

Asubuhi soko lilikuwa tupu. Akina mama waliokuja alfajiri na mihogo walikuwa wamegeuza njia. Kilomita chache kutoka mjini vijana wa kijiji walilaza magogo barabarani, wakasimamisha lori la kwanza lililorudi, wakamteremsha tanboi. Polisi walifika mkono wake ukiwa umeshavunjwa. Lori halikuwa na kitu zaidi ya vumbi la simenti na mabati yaliyobaki. Lilikuwa limetoka kushusha vifaa vya kujengea shule.

Nilikwenda wodini, si kwa ushujaa bali kwa sababu mke wangu aliniambia nisirudi nyumbani kabla sijafika huko. Kijana alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungiwa mbao, anakula posho na maharagwe kwa mkono wa kushoto na punje zinamdondokea kifuani. Niliposalimia akanyanyua kichwa. Aliijua sauti yangu. Akaniuliza, bila hasira, "Kwa nini hukuniuliza mimi? Turubai lile nililifunga mimi." Nikamuuliza habari ya lori lisilo na taa. Dainamo ilikufa tangu Nebbi, akasema, wakawa wanafuata taa za mwenzao.

Masahihisho tuliyasoma mara moja, usiku, kati ya matangazo ya vifo na tangazo la sabuni. Bosi alitaka yawe mafupi. Sikubishana, na hilo la kutobishana hunikera mpaka leo kuliko taarifa yenyewe. Taarifa niliisoma saa ambayo wilaya nzima inasikiliza. Ya kumsafisha yule kijana niliisoma wakati watu wamelala.

Baadaye nikafuatilia. Yule wa boda alikuwa anakunywa chai kwa yule mama. Karani alikuwa shemeji ya yule wa boda. Vyanzo vyangu vitatu vilimiminwa kutoka birika moja, na mama mwenyewe aliona malori tu. Hakusema silaha. Neno silaha liliingia njiani, na aliyelipandisha hewani ni mimi.

Basi mkiona picha ya setilaiti yenye malori, kumbukeni turubai. Juni 2025 dunia nzima ilionyeshwa malori 16 yaliyopigwa picha karibu na lango la Fordow, kituo cha nyuklia cha Iran kilichochimbwa chini ya mlima, siku chache kabla ya Marekani kuishambulia tarehe 22. Siku hiyo hiyo wako waliosema urani yote imehamishwa, zaidi ya kilo 400 zilizorutubishwa kufikia asilimia 60, na wako waliosema haijatoka hata gramu. Picha ilionyesha malori 16.

4. Hesabu vyanzo kwa kuuliza kila mmoja amejuaje, usihesabu midomo. Colin Powell, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Marekani, 5 Februari 2003 aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Iraq ina maabara za vijidudu juu ya malori, akataja vyanzo vinne. Alichoonyesha kilikuwa michoro, si picha. Chanzo kikuu kilikuwa mhandisi wa Kiiraki aliyekimbilia Ujerumani, na mwaka 2011 alikiri hadharani kwamba alitunga. Chanzo kingine, meja aliyetoroka jeshi, majasusi wa Marekani wenyewe walikuwa wameshamwekea alama ya mtungaji tangu 2002, na onyo halikufika kwa aliyeandika hotuba. Wao walikuwa na setilaiti na bajeti, wakanywa chai ile ile niliyokunywa mimi.

5. Tafuta karatasi. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliteka meli ya MV Faina, wakakuta ndani vifaru 33 vya T-72 kutoka Ukraine. Kenya ikasema vifaru ni vyake. Lakini mkataba wa shehena ulikuwa na herufi za serikali ya Sudan Kusini, Kenya ikatoa maelezo mengine ya herufi hizo, na waandishi hawakuziachia. Nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja 2010 zikaonyesha safari ilikuwa ya Juba kweli. Huo ni uvushaji wa silaha ulionyeshwa kwa karatasi, idadi, aina na bandari. Mtu akikuletea dai lisilo na hata kimoja kati ya hivyo vinne, mpe chai, mpe kiti, usimpe maikrofoni bado.

6. Au ni ya saba? Muulize msimulizi ni kitu gani kingemfanya aache kuamini. Wengi hawana jibu, maana kwao kutopatikana kwa silaha ndio ushahidi kwamba zilifichwa vizuri. Syria ilipotangaza tani zipatazo 1,300 za kemikali za vita mwaka 2013, baada ya shambulio la gesi ya sumu huko Ghouta, karibu na Damascus, nilipigiwa simu za ushindi: si unaona, za Saddam hizo! Syria ilikuwa na mradi wake wenyewe tangu enzi za Assad baba. Assad mtoto alipokimbia Desemba 2024 simu zikarudi, safari hii zikisema sasa ghala litafunguliwa tuone. Nami nikajibu vizuri, likifunguliwa nipigieni, nitaitangaza saa moja jioni, mimi mwenyewe.

Yaliyobaki ni ya haraka. Andika tarehe aliyoona, si tarehe aliyokusimulia. Piga simu forodha hata kama hawapokei, na uandike kwamba hawakupokea. Afande akikataa kusema, huo si uthibitisho. Ujumbe wa wasapu uliosambazwa mara nyingi si vyanzo vingi. Kichwa cha habari chenye alama ya kuuliza nitakikata bila kukisoma. Dereva na tanboi wana simu, na kwa kawaida wanachoshwa na safari na wanapenda kuongea.

Skripti ya yule mzee sijaitupa. Mwenye nayo aende akamrekodi upya kuhusu mambo aliyoyaona yeye: mshahara uliokatwa, mikataba iliyobadilishwa akiwa ameshafika, usiku wa makombora getini. Hayo hakuna anayemuuliza, na kwa hayo yeye ni shahidi kamili. Nataka dakika sita, Ijumaa kabla ya mchana, na aliyechukua kinasa sauti kikubwa akirudishe na betri zake.