Mnaopanga maonyesho ya pamoja ya mambo ya asili huku Nyanda za Juu, someni hii kwanza

Wadogo zangu mnaochora Mbeya, Tukuyu, Njombe mpaka Iringa, kila mara naona kundi jipya linajipanga kufanya maonyesho kuhusu mazingira na shida ni ile ile, mada ni kubwa kuliko ukuta. Mmoja kaleta tembo, mwingine twiga chini ya mbuyu, mwingine machweo ya Zanzibar na hajawahi hata kuvuka na boti, alafu mlangoni mnaandika "Uzuri wa Asili". Mtu katoka zake Mwanjelwa hapa Mbeya anaingia anakuta picha zile zile za kwenye kalenda, anazunguka dakika tano kashatoka. (Wa Iringa kwa twiga nawaachia kidogo, Ruaha ni yenu.)

Ikateni mada mpaka mtu mmoja kwenye kundi alalamike. "Ukungu wa Uporoto", yani ile milima yetu, wachoraji wanane wanaenea na nafasi inabaki. "Kuanzia Uyole mpaka Kiwira" pia. Mkiibana hivo kila mtu analazimika kwenda kuangalia badala ya kugugo, na hapo ndio kazi zinaanza kuongea zenyewe kwa zenyewe ukutani hata kama mkono wa kila mmoja ni tofauti.

Mfano kipunji. Nyani huyu watafiti wamemjua 2003 tu, wakatangaza 2005, mwaka uliofata wakaona hafanani na jamii yoyote wakampa yake peke yake, na hayupo kwingine duniani zaidi ya misitu ya Rungwe na Livingstone huko kwetu na kipande cha Udzungwa. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote, na hilo jina limetoka kwao. Sasa niambie kwa nini mchoraji wa Tukuyu anachora simba? Sawa, simba anauzika kwa watalii, lakini watalii wenyewe wa kutosha kununua simba kumi mna uhakika nao hapa mjini?

Kitulo ndio pa kukaa nako. Maua yanachanua masika, Disemba mpaka Aprili hivi, juu kule mita kama 2,600, na ndio maana wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, ina aina 350 hivi za mimea na ndani yake okidi za ardhini 45, kwahiyo mnaingia kwa utaratibu wa hifadhi, mnalipia, na hamchumi hata ua moja la "kwenda kumalizia nyumbani". Chukueni penseli na makaa, rangi ya maji iacheni maana kwenye ukungu ule karatasi haikauki, mtashinda mnaipepea. Andikeni rangi kwa maneno pembeni ya mchoro, mfano "zambarau ya kubabuka", mtashukuru mkirudi. Na msiangalie maua tu. Kuna watu wanachimba viazi vya okidi vinavuka mpaka kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, ni chakula huko, na mimi naona picha moja ya mashimo yaliyobaki kwenye nyasi ina nguvu kuliko picha kumi za maua mazuri. Wengi hawatakubaliana na mimi hapa, poa tu.

Vifaa msilie sana. Edward Saidi Tingatinga, yule mwenye mtindo wa picha za tingatinga, kazaliwa Tunduru, kusini huku huku, na miaka ya mwisho ya sitini alianza na hadibodi na rangi za kupakia baiskeli. Mbao za paina zimejaa kuanzia Mufindi, ila fremu ya mbao mbichi itapinda kabla wageni hawajafika, mwambieni fundi awape iliyokauka. Na rangi ya mafuta kwa baridi ya Juni inachelewa kukauka sana, msimalizie wiki ya mwisho mkaja kubeba kazi zinanata kwenye bajaji.

Kingine, msibaki na picha za kuchora tu. Kina mama wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, wanafinyanga vyungu bila gurudumu na kuvipamba kwa udongo mwekundu na mweupe, na vikapu vya Iringa vinasukwa kwa milulu. Hivyo ni mambo ya asili kabisa, yani udongo wenyewe na nyasi zenyewe, lakini watu wanaviweka kwenye kameza kona ya "utamaduni" bila jina la aliyetengeneza wakati mchoraji kaandikwa kwa herufi kubwa. Wekeni chungu katikati ya ukumbi, jina la mama pale na bei yake.

Kuchagua ndio kunavunja makundi. Kila mtu alete tano, zitundikwe mbili, na anayechagua awe mtu wa nje asiye shemeji wa yeyote. Ukutani katikati ya kila picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, acheni nafasi ya kupumua, na lebo iwe na jina, mwaka, vifaa, saizi na bei. Vibali anzieni kwa afisa utamaduni wa halmashauri, ya BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) atawaelekeza yeye.

Tarehe: chora masika, tundika kiangazi, na kama mnaweza sogezeni karibu na Nane Nane maana watu wa mikoa jirani wamejaa mjini kwa ajili ya viwanja vya John Mwakangale na waliovuna mpunga wana chochote mfukoni.

Pesa muandikishane kabla, ukumbi unachukua ngapi na kundi linabaki na ngapi. Ile tabia ya kumfata mteja nje ukamwambia njoo nyumbani nikuuzie nusu bei, anayefanya hivo atoke kwenye kundi siku hiyo hiyo. Kazi ikilipiwa inabandikwa kidoti chekundu na inabaki ukutani mpaka siku ya kufunga, hata mnunuzi akisema ana basi la saa kumi na mbili asubuhi, mtamtumia kwa parseli.