Ampu ya wati 60 kwa kinanda cha bendi: itatosha harusini?

Mkuu, umeuliza kama ampu ya mtumba ya wati 60, spika ya inchi 10, inaweza kubeba kinanda kwenye bendi ya watu sita hapa Mwanza, na mfuko wako hauvuki laki tano. Inaweza, ukiipa kazi yake. Ukiipa kazi ya mitambo ya ukumbi, itakuumbua mbele ya wakwe za watu.

Mimi nilianzia kwaya, sasa napiga kwenye bendi ya kukodiwa: send-off Buzuruga, mahafali Nyegezi, siku nyingine tunapanda meli kwenda Nansio na vyombo vyote. Ampu yangu ya kwanza ilikuwa ya wati 45, nimeipata mkononi kwa jamaa mmoja maeneo ya Mlango Mmoja. Nilipoijaribu chumbani mwenye nyumba akagonga ukuta. Nikajua nimepata bunduki.

Harusi ya kwanza ya ampu hiyo ilikuwa Igoma, ukumbi wa bati. Wakati watu wanakula tulipiga taratibu, kinanda kikasikika kitamu. Balaa lilianza kwenye sebene. Dramu ilipokaza, mkono wangu wa kushoto ukapotea kabisa. Nikaongeza sauti, nikaongeza tena, kitufe kikagota mwisho, spika ikaanza kukoroma chini na kupasuka juu. Mpiga solo akageuka, akashika sikio lake na kunitazama: uko wapi wewe? Na mimi hapo nabonyeza mpaka vidole vinauma. Tulipokuwa tunakunja nyaya emsii akaniuliza kwa nini leo sikupiga.

Kwa hiyo tuanze na hizo wati, maana ndizo zinazouzia watu. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haikushtui. Ili usikie sauti imekuwa kama mara mbili, unahitaji wati mara kumi hivi. Halafu kuna unyeti wa spika yenyewe, yaani inalia kwa nguvu gani ikipewa wati moja, ambao wauzaji hawautaji kabisa. Spika ya desibeli 96 ikipewa wati 45 inalia sawa na ya desibeli 90 iliyopewa wati 180. Na ukiona boksi limeandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa, tafuta neno RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Kama halipo, hiyo namba ni ya kupambia boksi.

Kinanda nacho si gitaa. Cha funguo 88 kinaanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 27.5, chini kuliko waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne, ambao uko hezi 41. Hata cha funguo 61 kinashuka hadi hezi 65. Spika ndogo kwenye kaboksi kepesi huko chini inahema tu. Ila hilo lisikunyime usingizi: bendi yako ina mpiga besi, mwachie chini kwake. Nilipojifunza kuinua mkono wa kushoto oktavu moja, ampu ileile ikawa kama imepona, na mpiga besi akaacha kuninunia. Ampu ya gitaa usinunue hata ukipewa kwa bei ya kutupa, kwa sababu spika zake huzimika juu ya hezi 5,000 hivi na piano yako itasikika kama imefunikwa blanketi. Unataka yenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu.

Sasa zunguka nyuma yake, huko ndiko hukumu iliko. Je, kuna tundu la kupeleka sauti kwenye miksa? Likiwa la pini tatu kama la maiki, vizuri zaidi. Hilo kwangu lina thamani kuliko wati 100 za nyongeza. Ampu ndogo inakaa ubavuni mwako, umeiinamisha ielekee sikioni, unajisikia. Wageni wanakusikia kupitia mitambo mikubwa. Hakikisha pia ukizungusha sauti ya ampu, ile inayokwenda kwenye miksa haibadiliki. Yangu ilikuwa inabadilika. Kila nikijiongezea kidogo, fundi mitambo anarukwa na akili kule nyuma.

Siku ya kuijaribu nenda na kinanda chako na waya wako. Usikubali muuzaji akuchezee muziki wa simu, simu haina mkono mzito. Weka sauti ya piano, fungua ampu robo tatu, piga kodi nene (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mikono miwili na uiache ife yenyewe. Sikiliza mkia: kama kuna kitu kinatetemeka ndani, spika imechoka au ubao umelegea. Kisha toa mikono kabisa, usikie inavuma kiasi gani. Zungusha kila kitufe. Kikikwaruza ni vumbi, fundi anasafisha. Tikisa jeki kidogo huku na huku, sauti ikikatika omba upunguziwe bei hapohapo.

Jambo linalowapiga wengi: piano nyingi za kwenye kinanda ni za stereo, na ampu yako ni moja. Chomeka kwenye tundu lililoandikwa L/Mono. Sauti ikisikika tupu kama inatoka ndani ya pipa, ni pande mbili za stereo zinafutana. Tafuta piano ya mono humo humo kwenye kinanda. Kama chako kina tundu la hedifoni peke yake, nunua waya wa stereo unaogawanyika mara mbili.

Umeme: jenereta za sherehe zinapanda na kushuka, kwa hiyo beba stabilaiza. Ikivuma, bonyeza kitufe cha kutenganisha athi (waya wa ardhi) kama kipo. Kuna vijana wanang'oa pini ya athi kwenye plagi ili mvumo uishe. Usithubutu, hasa zile sherehe za ufukweni ambapo umesimama kwenye nyasi mbichi. Na jioni ifunike kitambaa chepesi kwa mbele. Wale wadudu wa ziwani wakifuata taa, asubuhi unawakung'uta kwenye wavu kama pumba.

Kwa hiyo hiyo ya wati 60: ikiwa na twita na tundu la kwenda kwenye miksa, na haikoromi robo tatu, chukua. Ikikosa tundu hilo, baki na hela yako, au tafuta spika ya inchi 12 yenye ampu ndani, zile zinazotumika kama monita, yaani za wanamuziki kujisikia jukwaani. Mimi sasa natumia hiyo na sijarudi nyuma. Picha ya mbele uliyotuma tumeiona, tupia na ya nyuma.