Usimuulize Kama Anaukumbuka, Mwimbie

Kwa muda wa kama miezi mitatu mama yangu alikuwa akiniuliza kila asubuhi nikimpelekea chai, "Wewe u mwana wa nani?" Nami kila asubuhi nikimtajia jina langu, jina la marehemu baba na mtaa wetu wa Langoni, nikidhani nikijieleza vizuri zaidi atanijua. Hakunijua. Aliniitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia mgeni, kisha akanywa chai yake. Nakuandikia wewe ambaye asubuhi zako sasa ni kama hizo.

Mwanzoni kila mtu hapa Lamu alikuwa na lake: uzee tu, kijicho, jini. Tukavuka hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, na baada ya vipimo daktari akatuambia ni Alzheimer. Ukiwa bado hujampeleka mzee wako, mpeleke, maana kuna maradhi mengine yanayosahaulisha ambayo hutibika. Alzheimer hauna tiba ya kuuondoa, lakini ni ugonjwa, si uzee wala si aibu ya nyumba. Mgonjwa ambaye kwake Daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani aliutambua, Auguste Deter, alikuwa na miaka 51 alipolazwa mwaka 1901.

Mara nyingi sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya ndiyo hutangulia kuumia. Ndiyo sababu mama akamaliza kula, vidole bado vinanuka samaki, akauliza mbona leo hatukupika. Ya zamani hukaa zaidi, na nyimbo hukaa kuliko mengi. Utafiti wa Leipzig, Ujerumani, uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba sehemu za ubongo zinazobeba nyimbo tulizozizoea tangu zamani ni miongoni mwa zile ambazo ugonjwa huu huzichelewa. Hayo niliyasoma baadaye. Mimi nilianza kwa kukosea.

Nilikosea wimbo. Nilimwekea taarabu kwenye simu, ile ya kinanda cha umeme ninayoipenda mimi, sauti juu. Akaziba masikio. Nikapunguza, nikamwekea nyingine, nikamuuliza, "Mama, huu waukumbuka? Nani aliimba?" Uso ukamnyauka. Nilikuwa nimemtia kwenye mtihani na alijua ameshindwa, ingawa hakujua ni mtihani wa nini. Swali hilo, "waukumbuka?", nakuomba ulitoe kabisa mdomoni mwako.

Kisha siku moja baada ya Alasiri nilikuwa uani nachagua mchele kwenye ungo, naye ameketi kwenye mkeka kando yangu. Bila kukusudia nikawa naimba kwa ndani wimbo wa vugo, wa kumtoa bibi arusi, niliousikia kwao wanawake wakubwa nilipokuwa mdogo. Vugo, kwa asiyeijua, hupigwa kwa pembe za nyati na vijiti. Mmoja huanza, wengine huitikia. Nilipofika mahali pa kuitikia nikanyamaza, nikitafuta punje ya jiwe. Mama akaitikia. Sauti kavu, nyembamba, lakini mahali pake hasa. Nikainua macho: mkono wa kushoto ameukunja kama ameshika pembe, kidole cha kulia kinaugonga. Nikaanza tena ubeti, nikapotoa neno. "Sivyo," akasema, akaniimbia lilivyo.

Huyo mama aliyekuwa hanijui alinisahihisha! Nililia palepale na mchele wangu mapajani, naye akanitazama akaniambia, "Imba, usiwate."

Tangu siku ile nafanya hivi. Natafuta nyimbo za tangu utoto wake hadi alipoolewa, maana za umri huo ndizo zinazokaa ndani zaidi. Mama alizaliwa katikati ya miaka ya 1940, kwa hivyo ni vugo, lelemama, kasida za Maulidi, na vitu alivyosikia kwenye Sauti ya Mvita kwa jirani mwenye redio. Mimi sizijui nusu yake. Nilimwendea mama mdogo na daftari, jioni nne, na tukacheka mno. Fanya hivyo mapema. Wenzao wenye kuzijua wanakwenda, na YouTube haina wimbo uliokuwa ukiimbwa na wanawake wa mtaa mmoja tu.

Imba kwa mdomo wako, hata kama sauti yako ni mbaya. Simu haimsubiri. Wewe unaweza kwenda polepole, ukaacha nafasi, ukamtazama anavyovuta pumzi. Keti mbele yake akuone, zima televisheni, na hakikisha anasikia. Mama alitolewa nta masikioni na siku ile ile akawa mtu mwingine. Wimbo mmoja rudia mara tano. Wewe ndiye utakayechoka, si yeye.

Kuoga ndiko kulikotutesa zaidi. Alikuwa akiliogopa birika la maji ya kuogea, akinipiga, akiita watu. Sasa tunaanza kasida tukiwa bado chumbani, tunakwenda nayo hadi chooni, na kila kata ya maji inamwagwa mwisho wa mstari, miguu kwanza, kichwa mwisho. Mwili unajua maji yanakuja lini. Zipo siku anakataa vilevile. Siku hizo namfuta kwa kitambaa na kumwacha, wala sioni kwamba nimeshindwa. Karibu na Magharibi, anapoanza kuhangaika kwamba anataka kwenda kwao na mlango uko wapi, simbishii kwamba hapa ndipo kwao. Nashika mkono, natembea naye uani, naimba.

Lakini jambo moja liliniumiza. Nilimwimbia wimbo wa kubembeleza mtoto, nikidhani hakuna kilicho salama zaidi. Akaanza kupapasa kitanda, akitafuta. Mama alizika mtoto wa miezi saba kabla sijazaliwa, na wimbo ulimpeleka huko moja kwa moja. Usiku ule hakulala. Kwa hivyo muangalie uso, si mdomo tu. Machozi peke yake si kitu kibaya, wengine hulia na wakapumua vizuri. Mikono ikianza kutafuta, acha hapo hapo, mkumbatie, na usimwambie "huyo alikufa", kwani kwake itakuwa ni habari mpya.

Na usingoje wimbo umrudishe. Nilikuwa na tamaa hiyo, nikiona kila akiimba basi kesho ataniita kwa jina langu. Hajaniita. Bado naulizwa mimi ni mwana wa nani, na siku hizi namjibu, "Wako," kisha naanza kuimba. Maneno yameanza kumpotea. Anabaki na mkia wa kila mstari, pengine mvumo tu. Wajukuu wanamgongea vijiti, naye husogeza bega.

Daftari liko juu ya kabati karibu na kitanda chake. Nikitoka kwenda sokoni, yeyote anayekuja kumkalia namfungulia kwanza ukurasa wa mwisho, wa nyimbo zisizoimbwa. Ni mbili, na ya kwanza ni ile ya mtoto.