South Dakota, Texas au Florida? Jibu langu kwa nesi mwenye grin kadi anayehamia kwenye RV

Kaka, nimelisoma swali lako mara mbili. Mko Minneapolis, wifi ni nesi, wote mna grin kadi za bahati nasibu zenye miaka mitatu, trela mmeshanunua, mkataba wa nyumba unaisha Septemba, na mnataka kujua muweke anwani South Dakota, Texas au Florida. Mimi ni nesi pia. Mimi na mume wangu tulitoka Columbus, Ohio, mwaka 2019 tukahamia kwenye RV, yaani nyumba ya magurudumu, na mpaka leo hatujarudi kwenye nyumba yenye msingi. Nitajibu kwa urefu, weka chai karibu.

Waliotangulia kujibu wamekuimbia kodi. Ni kweli majimbo hayo matatu hayana kodi ya mapato, na mtu akitoka Minnesota, ambako ngazi ya juu inafika asilimia 9.85, ataona tofauti kwenye mshahara. Lakini kama yote matatu hayakati, kodi itakusaidiaje kuchagua kati yao? Halafu wifi akichukua mkataba wa nesi wa kusafiri wa wiki 13 California, California itadai kodi yake kwenye pesa iliyochumwa kule, hata leseni yake ya udereva iwe ya wapi.

Wengi wanaofundisha mambo haya kwenye video ni wastaafu wa Kimarekani. Uraia ni wa kuzaliwa, Medicare ile ya kawaida, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inawafuata kwa daktari yeyote anayeipokea nchi nzima, kazi hawafanyi. Kwao ni kweli suala ni kodi na bei ya plate namba. Nyie mna leseni ya uuguzi, mna faili la uhamiaji, na mtakuwa na posho za mikataba. Chagueni kwa hayo.

Kabla sijafika huko, kuna jambo ambalo Kiswahili kinalieleza vizuri. Sisi mtu tunamuuliza "unakaa wapi?", halafu tunamuuliza "kwenu wapi?", na kila mtu anajua hayo ni maswali mawili. Mtu anakaa Kariakoo, kwao Lushoto. Sheria za Marekani zina hayo hayo mawili. Unaweza kukaa sehemu kumi kwa mwaka mmoja, lakini kwenu kisheria ni mahali pamoja tu, pale unapokusudia kurudi kila ukitoka. Na kusudio hilo watu wa kodi hawalitafuti moyoni mwako, wanalitafuta kwenye makaratasi: leseni ya udereva, plate namba, bima, wosia, benki, hata daktari wa meno unayemwendea. Kwenu pa zamani panabaki kuwa kwenu mpaka upate pengine. Kwa hiyo ukiondoka Minnesota ukabaki na leseni yao, gari lina plate zao na vitu vyako viko stoo kwa shemeji kule Brooklyn Park, wewe bado ni wao, na wana haki ya kukuambia hivyo.

Sasa leseni ya wifi. Minnesota haimo kwenye ule mkataba wa majimbo wa leseni za manesi, kwa hiyo leseni yake inafanya kazi Minnesota tu. South Dakota, Texas na Florida zote zimo, na majimbo yaliyomo ni zaidi ya 40. Mtu akiwa mkazi halali wa mojawapo anaweza kupata leseni moja inayomruhusu kufanya kazi kwenye yote. Hata mimi ndiyo iliyonitoa Ohio, maana wakati ule Ohio ilikuwa nje, imeingia Januari 2023. Ila bodi ya uuguzi haiangalii uliko na kazi, inaangalia jimbo lako kuu la makazi, na itataka ushahidi: leseni ya udereva ya jimbo hilo, au ritani ya kodi ya serikali kuu yenye anwani ya huko, au kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo leseni ya udereva kwanza, ya uuguzi baadaye. Na mkishakuwa na hiyo ya majimbo mengi, siku mkihama jimbo la makazi ana siku 60 za kuomba ya jimbo jipya, sheria ya kuanzia Januari 2024. California, New York na Oregon bado ziko nje ya mkataba, kule ataomba leseni ya peke yake.

Sisi tulichagua South Dakota. Tuliingia Rapid City mwishoni mwa Mei. Anwani tulikuwa tumeshakodi kwa kampuni ya kupokea barua, na kwa hilo lazima ujaze fomu 1583 ya Posta na kusaini mbele ya notari. Kilichobaki ni risiti ya kulala usiku mmoja ndani ya jimbo. Nyumbani ungeambiwa nenda kachukue barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, yenye muhuri. Kule risiti ya kambi ndiyo mwenyekiti wako. Tukafika dirishani tumevaa vizuri kama tunakwenda kanisani, karani akaipokea, akaisoma, akanirudishia: jina ni la mume wangu tu. Yeye akapata leseni siku hiyo. Mimi nikarudi kambini. Mwenye kambi, mama mmoja mwenye mbwa mzee amelala chini ya meza, akachapisha nyingine yenye majina yote mawili huku akicheka, akasema kila wiki anapata mke mmoja aliyesahauliwa kwenye risiti. Basi kaka, siku ya kulipia kambi hakikisha jina la wifi lipo, na limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti.

Kuna pia kiapo cha wasafiri wa kudumu unachosaini, kwamba South Dakota ndiko unakokusudia kurudi na huna makazi mengine. Watu wanakisaini kama karatasi ya mahudhurio. Kisome. Kinakuja kuwa na maana kwenye posho.

Na hapa kwenye posho ndipo tulipoumia. Mkataba wa nesi wa kusafiri unakuja na mshahara wa saa unaokatwa kodi, ambao ni mdogo, na posho ya nyumba na chakula isiyokatwa, ambayo ni nono. Wakala aliyekutafutia kazi anakupa fomu useme una "tax home", yaani kituo chako cha kikodi, nawe unasaini. Sisi tulidhani sanduku la barua Rapid City ndicho kituo. Mhasibu wetu wa kwanza naye akasema hamna shida. Mwaka wa pili tukapata mhasibu mwingine, mzee mmoja anayefanya kazi na madereva wa malori, akatuuliza swali moja tu: "Mkiwa kazini Arizona, kuna nyumba sehemu nyingine mnayoendelea kuilipia?" Hakuna. Akavua miwani.

Maana yake ni hii. Posho ile haikatwi kodi kwa sababu inachukuliwa kwamba unagharamia makazi mara mbili, kwenu na kazini. Mtu anayebeba nyumba yake mgongoni kama konokono halipi mara mbili. Kwa mamlaka ya kodi ya Marekani, asiye na kituo cha kudumu cha kazi wala nyumba anayoishi kwa kawaida ni mtu wa kuhamahama, na kituo chake ni popote anapofanya kazi siku hiyo. Posho zake zote ni mapato. Wameeleza kwenye chapisho lao namba 463, si siri. Tukarekebisha ritani ya mwaka uliotangulia kwa fomu 1040-X, tukalipa dola elfu kadhaa ambazo tulikuwa tumezipangia tairi na betri za lithiamu. Mume wangu alikaa wiki nzima hataki kusikia neno South Dakota, kana kwamba kosa ni la jimbo.

Kwa hiyo bajeti yenu ipigeni posho ikiwa imekatwa kodi. Kama hesabu haikai hivyo, kuna manesi wanaokodi chumba kwa bei halali ya soko sehemu wanakofanya kazi kila mwaka na kurudi kweli. Chumba cha binamu ambacho hulipii hakihesabiki. Na hata ukiwa na kituo, mkataba ukitarajiwa kuvuka mwaka mmoja mahali pamoja, hauitwi tena wa muda.

Uhamiaji. Hili wastaafu hawatakuambia kamwe. Mwenye grin kadi anatakiwa kuwaarifu uhamiaji ndani ya siku 10 kila anapobadilisha anwani, fomu ya AR-11, bure, mtandaoni. Fomu ina sehemu ya mahali unapoishi na sehemu ya anwani ya barua, usizichanganye. Kuhusu uraia, pamoja na ile miaka mitano ya kuwa na grin kadi, unatakiwa uwe umeishi miezi mitatu kwenye jimbo au wilaya ya uhamiaji unakoombea. Nyie mna miaka mitatu, kwa hiyo maombi yenu yatafanyika mkiwa barabarani. Msibadilishe jimbo katikati. Mimi niliomba nikiwa mkazi wa South Dakota. Bahasha ya kuitwa alama za vidole niliiona kama picha iliyotumwa na kampuni ya barua kwenye simu, nikiwa kwenye dobi la mashine za sarafu kule Quartzsite, Arizona, nguo zinazunguka, na tarehe iko karibu. Tulifungasha usiku ule ule. Kwenye usaili afisa akaniuliza, kwa upole kabisa, "Lakini unalala wapi?" Nikamfungulia faili la risiti za kambi, zimepangwa kwa mwezi. Akapekua kurasa tatu, akalifunga. Anzeni faili hilo siku ya kwanza, usitegemee barua pepe.

Na kwenye fomu ya leseni ya udereva mtakuta swali kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Nyie jibu ni hapana, wote wawili, hata kama mmechoka na foleni ni ndefu. Mwenye grin kadi akidai kwa maandishi kwamba ni raia, hata kwa bahati mbaya, anaweza kufukuzwa na kufungiwa mlango wa uraia maisha yake yote. Hakuna kosa dogo kama tiki moja lenye bei kubwa hivyo. Mkishaapa uraia ndipo mje kwenye sheria ya South Dakota ya 2023, inayotaka siku 30 za kukaa kwanza kabla ya kujiandikisha. Iliwaudhi sana wasafiri.

Benki: baba yangu alitumia S.L.P. ya shule aliyofundisha Tanga maisha yake yote na hakuna aliyemuuliza nyumba yake ina rangi gani. Huku, tangu sheria za 2001, benki inalazimika kujua anwani ya mahali unapoishi, na mifumo yao inazitambua anwani za kampuni za barua. Benki yetu moja ilitufungia akaunti mshahara ukiwa ndani, tukakaa siku tisa tunakula akiba. Sasa tuna akaunti mbili, benki mbili. Fungueni zote mkiwa bado Minneapolis kwenye nyumba.

Bima ya afya ndiyo inayoweza kukutoa South Dakota. Mipango ya soko la Obamacare, lile soko la serikali la bima za afya za kujinunulia, inauzwa kwa kaunti, na mingi inakulipia kwa hospitali za eneo lile tu, nje ya hapo ni dharura peke yake. Wifi akipata bima ya wakala wa kazi, sawa, lakini mikataba ikikatika wiki mbili na bima inakatika. Wanaonunua sokoni wengi husifu Florida, kwa kuwa baadhi ya mipango ya kampuni ya bima ya Blue Cross ya kule imekuwa ikikubalika nje ya jimbo. Someni ya mwaka huu, si maneno ya mwaka juzi. Kama mna mgonjwa wa kudumu ndani ya nyumba, kwangu mimi hilo lingeamua kila kitu. Na kipato kikishuka sana, South Dakota imepanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, tangu Julai 2023, Texas na Florida hazijafanya hivyo.

Texas ina Escapees pale Livingston, chama cha watu wa RV tangu 1978, na kaunti imewazoea. Leseni inakaa miaka minane dhidi ya mitano ya South Dakota, na ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka umeondolewa tangu Januari 2025, isipokuwa kupima moshi kwenye baadhi ya kaunti. Kusajili gari lililokuwa na plate za jimbo jingine, mkazi mpya analipa dola 90. Florida ina ada ya dola 225 ya usajili wa mara ya kwanza, lakini ina karatasi nzuri ya kutangaza makazi kwa karani wa mahakama, ambayo ningeipenda kama ningekuwa natoka jimbo lenye kodi kali kama lenu. Kuhusu aliyekushauri kusajili trela Montana kwa jina la kampuni ili kukwepa kodi ya mauzo, kaka, mwenye grin kadi asicheze mchezo huo.

Kwa nyie, bila mgonjwa na wifi akiwa na bima ya kazi, ningesema South Dakota. Ni karibu, saa nne hivi mpaka Sioux Falls, mnaweza kukabidhi nyumba kwanza, maana kile kiapo kinasema hamna makazi mengine, halafu mkamalize leseni zenu kwa safari moja. Kodi ya kusajili trela ni asilimia 4 ya bei, na kama Minnesota mmeshalipa kodi ya mauzo nendeni na risiti yake. Bima ya trela mwambieni wakala wa bima kabisa kwamba mnaishi humo muda wote, maana ile ya likizo haitalipa.

Shukeni na I-35 mpaka Albert Lea, halafu I-90 kuelekea magharibi. Msisubiri Novemba. Upepo wa pale unaligonga trela ubavuni, na kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta trela la futi 34, asubuhi na mapema ya Septemba ni bora zaidi.